Aliita, au Alinyamaza?

Nyumba za Reli, Bonjhora,
katikati ya Poush, mwezi wa baridi.

Shoga yangu wa moyoni, Tultul,

Salamu zangu zikufikie zikiwa bado na joto, maana hapa ninapoandikia hata wino unataka kuganda. U hali gani, shoga? Yale mafua ya tangu sikukuu ya Puja yamekuacha, au bado unazungumza kwa pua? Na mama, goti lake linasemaje baridi hii? Mguse miguu kwa niaba yangu, umwambie binti yake wa nyumba ya pili hajaisahau achari yake ya kunazi. Sisi huku hatujambo sote. Mume wangu mzima, Bibi mzima, na mimi ndiyo usiseme, nimenenepa mpaka bangili za harusi zinanibana.

Nianze na habari za mume wangu, maana nisipoanza nazo nitapasuka. Tultul, mbona hukuniambia kwamba ndoa ni tamu hivi? Basi nani angekuambia na wewe hujaolewa! Juzi karejea kutoka zamu, mfuko wa koti umejaa machungwa yaliyoshuka na treni ya mizigo kutoka milimani, akaniambia ameyachagua moja moja kwa kuyanusa. Msaidizi wa stesheni masta mzima, amevaa sare na vifungo vya shaba, anasimama mbele ya wachukuzi ananusa machungwa! Akioga huimba, na sauti yenyewe ni ya ndama aliyepotewa na mama yake, lakini mimi husimama nje ya mlango wa bafu nimeshika taulo nikisikiliza kama niko kwenye tamasha. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi mimi nina kifaduro.

Ila nitakwambia jambo moja, na usimwambie mama. Furaha nayo inataka mtu wa kuipokea. Kule kwetu nikipata hata shanga mpya nilikuwa nachungulia dirishani nakuita, na kabla sijamaliza kueleza mtaa mzima umejua. Hapa dirisha langu linatazama reli, ng'ambo ya reli ni mashamba ya chai, ng'ambo ya chai ni msitu, na baada ya msitu sijui. Zamu za mume wangu hazina adabu, mara za mchana mara za usiku, na akirudi amechoka hulala kama gunia. Mimi hukaa nikiangalia treni za abiria zikipita bila kusimama. Nyuso za watu madirishani zinanitazama kidogo, kisha hazipo. Wakati mwingine huwapungia mkono. Siku moja mtoto mmoja alinipungia, nikafurahi nayo mpaka jioni.

Sasa nije kwenye kitabu. Kilifika, Tultul! Ulikifunga vizuri hata kona hazikuvunjika. Kitabu cha saba cha Lango la Ukungu, cha mwisho, kipo mikononi mwangu, nami sipo kwenye kile kibaraza chetu cha mtaani ambako mmekaa nyote na bagia na bisi za mchele, mkigombana. Barua yako niliisoma mpaka mikunjo ikachanika. Nikaona kila kitu: Ghontu anasimama juu ya kiti kutetea hoja yake, wewe unamwambia ashuke kwanza ndipo awe mjinga, mwenye duka la chai anawatisha kwamba atawamwagia maji. Ukaandika kwamba mmegawanyika kambi mbili, Walioita na Walionyamaza, na kwamba kura yangu inasubiriwa. Umeniuliza mimi niko kambi gani. Barua hii yote ni jibu la swali hilo, kwa hiyo usiruke kurasa, nakujua.

Unakumbuka siku ya uchumba wangu mlivyonicheka? Wasichana wote wa mtaa wamempenda shujaa wetu Mshika Taa tangu kitabu cha kwanza, na mimi peke yangu ndiye nikaja kuposwa na mtu mwenye jina lake hasa! Ulisema nimemtoa kitabuni kwa uchawi. Nami nilidhani ni bahati ya ajabu, mpaka nilipofika huku nikakuta Bibi.

Bibi ndiye aliyemlea mume wangu baada ya wazazi wake kufariki. Ni mdogo kama ndege, amevaa nyeupe ya ujane, macho yamefunikwa na ukungu wake wenyewe, na ulimi mkali kama pilipili za kijani. Mjukuu wake huyo yeye humwita "mume wangu" kwa utani, na mimi huniita "mke mwenza". Siku ya kwanza tu alinikalisha akaniambia, "Mke mwenza, nipikie wali ukiwa mbichi nitakula, nichanie sari nitashona. Lakini jina la mume halipiti mdomoni mwako humu ndani. Kila ukilitaja, unamkata siku katika umri wake." Nilidhani mambo hayo yaliishia kwa bibi zetu. Lakini, shoga, ningefanyaje? Yule ndiye mtu pekee niliye naye nyumbani siku nzima. Na moyoni nilijiuliza, je, kama ni kweli? Ninampenda mno mpaka sitaki kubahatisha hata siku moja yake.

Basi simwiti. Nikimtaka nasema "Unasikia?" kama wake wote wa huku. Hata lile neno la vitabuni la kusema kunapambazuka silisemi, maana ndilo jina lake. Nasema "kabla jua halijatoka". Na umeona, hata humu sijaliandika, wala la Mshika Taa, maana ni lilelile. Mkono wenyewe umezoea kulikwepa.

Sasa fikiria nilivyoanza kumsomea Bibi. Mchana mmoja aliniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia ni kitabu. Akaguna kwamba vitabu vya hadithi ndivyo vilivyoharibu macho ya wasichana, kisha baada ya muda akasema, "Haya, soma kwa sauti, angalau nzi wafaidike." Nikaanza cha kwanza, vile sita vyote ninavyo, vilikuja na sanduku la harusi. Kila nikifika kwenye jina la shujaa nasema "Yule". Yule akawasha taa. Yule akavuka daraja. Bibi aliposikia sheria ya nchi ya Ukungu, kwamba ukimwita umpendaye kwa jina lake, Mfalme wa Ukungu anamla siku zake, aliketi wima, akapiga goti kofi. Akasema, "Huyu mwandishi kalelewa!" Tangu siku hiyo sikupumzika. Nikikawia kuosha vyombo naitwa, "Mke mwenza, Meghmala mpenzi wa Yule tumemwacha kwenye pango tangu jana, hana hata shuka!"

Wa tatu wetu ni Sukurmoni, mke wa mtu anayebadilisha njia za treni hapa stesheni. Alizaliwa kwenye mashamba ya chai, anacheka kama anayetwanga, na huja kila mchana na mboga zake azichambulie kwetu. Yeye alipogundua kwa nini shujaa hana jina alikaribia kuangusha kisu. Akaniuliza, "Wifi, huyo Yule ana kaka anaitwa Nanii?" Akasema kwao wanawaita waume zao majina yote, hata yale ya mbwa, na bado wanaishi mpaka wanachosha. Kisha akalitaja jina lile, waziwazi, mara mbili, ili kunichokoza. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka! Bibi akamtupia ganda la kitunguu.

Hivyo ndivyo kibaraza changu kilivyo, Tultul. Bibi asiyeona, Sukurmoni asiyejua kusoma, na mimi. Nakuambia ukweli, walibishana kushinda nyie. Tulisoma vyote sita, tukaingia cha saba, na tulipofika ukurasa wa mwisho mboga zilisahauliwa sakafuni. Unaujua ukurasa huo kwa moyo kama ninavyoujua. Mshika Taa anatembea kuingia kwenye lango la Mfalme akidhani ni mlango wa kwao. Meghmala yuko ng'ambo ya bonde, hawezi kumfikia. Jina lake peke yake ndilo linaloweza kumgeuza, na jina hilohilo litampunguzia umri, na hajui kwa siku ngapi. "Meghmala akafungua mdomo." Basi. Kitabu kimekwisha. Vitabu saba, tumesoma tangu tukiwa na nywele za mikia miwili, na mwandishi anatuachia mdomo wazi!

Sukurmoni alipiga kelele kwamba ameita, bila shaka ameita, mdomo unafunguliwa kwa ajili gani, kupiga miayo? Bibi akasema hapana. Alinyamaza. Mwanamke aliyelelewa hufungua mdomo na kuufunga. Sukurmoni akauliza, "Na mwanamume aangamie?" Bibi akajibu, na sauti yake sikuipenda, "Kuna kuangamia na kuangamia. Asimuue kwa mdomo wake." Nikataka kusema langu, lakini nilipomtazama Bibi nikaona amejivutia upindo wa sari usoni, nikasema nadhani chai imechemka.

Kila mchana wakarudi palepale. Sukurmoni akiingia hasemi hujambo, anasema, "Aliita." Bibi naye, "Alinyamaza." Mimi nikicheka. Lakini nilikuwa nawaza nyie, na jinsi ningesimama juu ya kiti kando ya Ghontu. Hapa nilikuwa kama yule mtoto asiye na upande anayehesabiwa tu kujaza mchezo. Mume wangu nilijaribu kumshirikisha. Akasoma ukurasa mmoja na nusu, kitabu kikamwangukia usoni, akalala. Alipoamka akaniuliza kama yule mwenye jina lake anapewa mshahara wa zamu za usiku. Nampenda, Tultul, nampenda hata kwa hilo, ila nilitoka nje nikasimama barazani peke yangu kwa muda.

Sasa inakuja habari yenyewe.

Wiki iliyopita ukungu ulishuka ambao Sukurmoni mwenyewe, mzaliwa wa hapa, alisema hajauona. Ulilala chini, mzito, kama maziwa yaliyomwagwa. Nyumba zetu zimejengwa juu ya nguzo, kwa hiyo nikisimama barazani kichwa changu kilikuwa juu ya ukungu, juani, na chini hakuna kitu, weupe mtupu. Mtu wa zamu ya ukungu alikuwa na homa. Mume wangu akasema ataenda mwenyewe kufunga visahani vya baruti juu ya reli, vile vinavyolipuka chini ya gurudumu ili dereva ajue kwamba yuko karibu na stesheni. Bibi akamvika skafu na ile kofia ya sufu inayofunika masikio na kidevu, unazijua, sisi Wabengali baridi kidogo tu tunafungwa kama vifurushi vya posta. Akashuka ngazi na taa yake, weupe ukammeza. Nikabaki naiangalia ile taa, doa la njano linasonga kando ya reli, kuelekea msituni.

Nikaona visiwa. Nilidhani ni vichaka. Kisha kisiwa kimoja kikasogea. Ilikuwa migongo, Tultul. Migongo ya tembo, mikubwa na mdogo mmoja katikati, wamesimama juu ya reli kimya kabisa, na doa la njano linakwenda moja kwa moja kwao.

Nikaita. Niliita kama ninavyoita kila siku. "Unasikia! Jamani, unasikia!" Na unajua kilichotokea? Kutoka jukwaani mume wa Sukurmoni akajibu, "Nasikia, nini tena?" Muuza chai akajibu, "Nakuja, mama watoto!" Hata mzee wa ghala, ambaye mkewe yuko mbali, Siliguri, akaitikia. Kila mwanamume wa Bonjhora alisikia mkewe anamwita. Wangu peke yake hakusimama. Baadaye alinieleza kwamba alisikia kitu kama sauti yangu kupitia ile sufu, akadhani nimemletea skafu ya pili, akaongeza mwendo ili nisimfikie!

Niliita tena "unasikia", na tena. Taa ikazidi kwenda. Na hapo, shoga, nikajua jinsi alivyosimama Meghmala. Niliwaza siku zake. Naapa, katikati ya woga ule niliwaza, zitakatwa ngapi? Mdomo wangu ulikuwa wazi na hakuna kinachotoka. Nikahisi Bibi nyuma yangu, ameshika nguzo ya mlango, hawezi kuona lolote lakini anasikia jinsi ninavyohema. Nikaita jina lake. Jina lake lote, na la ukoo juu yake, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, likaenda likagonga msitu likarudi.

Taa ikasimama. Ikageuka.

Yule tembo mkubwa naye aligeuza kichwa, nadhani alinitazama. Kisha wakaondoka wote kwa utaratibu wao, wakaingia kwenye chai, yule mdogo akikimbia nyuma. Mume wangu akarudi akiwa mweupe kuliko ukungu. Alisimama chini ya ngazi, akaivua ile kofia, masikio mekundu, hakusema tembo wala reli wala asante. Alisema, "Sema tena." Nikasema siwezi. Akasema miaka yote hii hakujua kwamba ana jina zuri namna ile. Tultul, nililia mpaka kwikwi, na yeye analia, na muuza chai amesimama pale anauliza kama kuna mtu ananunua chai au hakuna.

Nilipopanda juu, Bibi alikuwa ameshaingia ndani. Hakuja kula. Siku ile hakunena nami, wala iliyofuata. Alifunga kwa ajili ya umri wa mjukuu wake, maji tu, akakaa mbele ya miungu yake anavuta ushanga. Sukurmoni alikuja akaona hali, hakusema "Aliita", aliweka mboga akaondoka kwa ncha za miguu. Kama nilikuwa mpweke kabla ya hapo, basi kabla ya hapo nilikuwa sokoni. Nilikuwa nimemwokoa mume wangu na sikuwa na hakika kama sikumuua. Nilipika, nikafagia, nikahesabu treni.

Kuna jambo sikukueleza, nilidhani ni dogo. Bibi akisali jioni hamwiti Mungu "Hari, Hari" kama watu wote. Husema "Fari, Fari". Mimi na mume wangu tulikuwa tukicheka chinichini kwamba ni meno, hana hata moja mbele. Jioni ya siku ile ya pili alisali muda mrefu. Alipomaliza akaniita. Hakuniita mke mwenza, aliniita kwa jina langu, Kajori. Akasema, "Leta kile kitabu. Nisomee ukurasa wa mwisho."

Nikausoma. Meghmala akafungua mdomo. Bibi akauweka ushanga chini. Kisha akaniuliza mume wangu alisimama baada ya mimi kuita mara ngapi. Nikasema jina nililiita mara moja tu. Akarudia, "Mara moja tu." Ndipo akaanza kunieleza, uso ameuelekeza ukutani.

Ilikuwa mwaka ule nchi ilipokatwa vipande viwili na watu wetu wakakimbia kutoka mashariki. Yeye alikuwa mdogo kuliko mimi, amembeba mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba wa mume wangu. Kwenye kituo cha mpakani mumewe alishuka kutafuta maji. Treni mbili zilisimama zimetazamana, moja inakuja huku, moja inarudi kule, na jukwaa limejaa watu hata mahali pa kuweka mguu hapana. Bibi alimwona kupitia dirisha la treni akirudi na chombo cha maji, amevurugwa na umati, anapanda treni isiyo yake. Ile inayorudi. Alikuwa karibu, Bibi anasema, karibu kama kisima na mlango wa jiko. Akamwita. Aliita, "Unasikia! Jamani, unasikia!" Na wanaume wote wa jukwaa lile wakageuza nyuso zao kumtazama. Anasema hajawahi kutazamwa na macho mengi kama yale. Wake wote walikuwa wanaita hivyohivyo, kila mmoja akimwita mumewe. Mmoja tu hakugeuka. Jina lake lilikuwa mdomoni, likamfika kwenye meno. Akaufunga mdomo, ili asimpunguzie umri. Treni ya mumewe ikaondoka, na ya Bibi ikaondoka upande mwingine.

Alivaa bangili za mke na rangi nyekundu kichwani miaka kumi na miwili, kama desturi inavyotaka kwa aliyepotea, kisha wakamvua. Hakuna barua iliyokuja, wala mtu aliyemwona.

Nilimshika miguu. Yeye akaendelea, kama anayezungumzia bei ya dengu, "Jina lake ni Fari na nusu nyingine. Kwa hiyo hata Mungu simwiti vizuri." Ndipo nikaelewa ile "Fari", nikakumbuka tulivyocheka, nikatamani sakafu inimeze. Nilimwomba anitajie jina zima. Alifungua mdomo, Tultul. Niliuona. Ukabaki wazi, midomo inatafuta, na mwisho akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema mlango huo umeshika kutu. Akaomba nimwite mume wangu. Yeye ndiye aliyenitajia, pale mlangoni, kwa sababu mjukuu anaruhusiwa. Bibi alilisikiliza jina la mumewe huku ameshika sikio kwa mkono, kama anayesikiliza treni ya mbali.

Kesho yake Sukurmoni alipoingia, kabla hajafungua mdomo, Bibi alisema, "Aliita." Sukurmoni akaduwaa, akauliza kama amesikia vizuri, na nani sasa atakayebishana naye? Bibi akasema wapo wajinga wa kibarazani kwenu Kolkata. Kwa hiyo hizi hapa kura zetu, uzipeleke kibarazani: Bonjhora, watatu, wote Walioita. Mwambie Ghontu ashuke kitini.

Kisha kuna ombi, nalo si langu. Bibi amenituma. Unapita stesheni ya Sealdah kila siku ukienda chuoni. Anaomba siku moja uende kwenye jukwaa zinakofikia treni za mpakani, usubiri mpaka umati ushuke, uite. Usiseme "unasikia". Useme Haricharan. Haricharan Sarkhel, kwa sauti yako ile ya kugombana. Nilimwambia watu watakuona una wazimu. Akasema, "Na waone. Wakigeuka wengi, asijali. Amtazame asiyegeuka." Anajua, Tultul. Anajua angekuwa na umri gani sasa, anajua yote. Anataka tu liwe limeitwa. Nenda na wote, kambi zote mbili, mmwite kwa pamoja, kisha mle bagia kwa ajili yangu. Na niandikie ilikuwaje, hata kama hakuna lolote, niandikie kila kitu, nani alisimama wapi, maana nitawasomea barazani.

Hapa mwanga unaisha na treni ya kuchukua posta inakaribia. Bibi anakutumia baraka, Sukurmoni anakutumia kicheko, mama mguse tena miguu. Mume wangu yuko bafuni anaimba, ndama yuleyule. Nimemuuliza Bibi kama naweza kutia sahihi ninavyotaka. Amesema karatasi haina mdomo, niandike.

Wako akukumbukaye kila treni inapopita,

Kajori, mke wa Pratyush.